Mistari Arobaini ya Sauti

Sousse, 14 Mei 2013

Shemeji Hatem,
Habari za Sfax? Mama hajambo, na miguu yake? Mimi mzima, ila nyumba imepoa tangu dada yako aondoke Januari. Sikuulizi aliko. Olfa ni mtu mzima, akitaka atarudi. Naomba kimoja tu: usinitoe kwenye Shubbak. Miaka minne tumeijenga wawili, programu ya bure ya kuingilia dunia zile za kubuni kwenye kompyuta, watu wanamokutana na kujenga, msimbo wake wazi kwa kila anayetaka kuusoma. Ukinitoa nitabaki na nini?

Shemeji yako,
Lotfi


Sfax, 20 Mei

Shemeji,
Sote wazima, miguu ya Mama ndiyo ileile. Nani kasema nakutoa? Maji yale yanayometameta humo kwenye Shubbak nani mwingine angeyaandika? Ya nyumbani yabaki nyumbani. Toleo jipya linakaribia na sauti bado inakatika. Kuna mjaribu wetu mmoja anajiita Sabbara, ana bustani ya mipungate humo ndani. Kila akiingia, ndege wake wananyamaza. Ananiandikia mara tatu kwa siku: “Hii Shubbak yenu mliiandika mmelala?” Hebu itazame.

Shemeji yako,
Hatem


Sousse, 2 Juni

Shemeji,
Salamu kwa wote, mbusu Mama mkono kwa niaba yangu. Huyo Sabbara ana ulimi! Basi ndege wake wataimba. Mistari arobaini, nimeiambatisha hapa.

Shemeji yako,
Lotfi


Sfax, 3 Juni

Hujambo bingwa?
Nilikuwa na haraka, nimeipitia juujuu nikaipitisha. Ndege wanaimba! Watu elfu sita wameshaipakua. Umetuokoa.

Shemeji yako,
Hatem


Sfax, 19 Juni

Lotfi,
Hali yako sikuulizi. Leo mwanafunzi mmoja wa Lisbon kaisoma mistari yako akaniandikia. Wa thelathini na moja hauhusiani na sauti. Sabbara akiingia, unakuletea wewe anwani ya mtandao anaoutumia. Sabbara peke yake, kati ya watu elfu sita! Olfa hapokei simu tangu Ijumaa. Shuleni anakofundisha hajaonekana. Umejuaje kwamba Sabbara ni yeye? Umefanya nini?

Hatem


Sousse, 23 Juni

Shemeji yangu mpenzi,
Poleni na joto. Mama anaendeleaje?
Ulimi ule nimeishi nao miaka saba, ningeusahau? Anwani ikanipeleka kwenye shule ya lugha, Bizerte. Nilikaa ng'ambo ya lango siku mbili. Siku ya tatu akatoka, anatafuna mbegu za alizeti, anacheka na wenzake. Aliponiona akaacha kucheka.
Amerudi nyumbani. Mkono wa kulia umefungwa plasta ya mfupa, ngazi zetu unazijua zinavyoteleza, kwa hiyo usitegemee barua zake.
Lawama zako kaa nazo. Aliyeandika “nimepitisha” ni wewe, na jina lako liko pale, dunia nzima inaliona. Ungenifungia mlango wa Shubbak Januari, alipoondoka. Lakini ulitaka maji yametamete.

Shemeji yako,
Lotfi


Sousse, 25 Juni

Lotfi,
Naandika nikiwa kwenye mkahawa wa mtandao, mkabala na stesheni. Nimegonga kwako tangu asubuhi. Jirani anasema mmeondoka jana na masanduku, na Olfa alishindwa kupanda gari mpaka ukamwinua. Askari niliyemweleza amecheka: mtu na mkewe, wewe unatafuta nini?
Kwenye barua hii nimekutumia funguo zote za Shubbak. Jina, seva, kila kitu ni chako. Sitadai hata mstari mmoja. Nisikie sauti yake kwenye simu, dakika moja tu. Mama nimemdanganya, nimesema nimekuja kikazi.
Nakuomba. Nimepiga magoti.

Kaka yake Olfa


27 Juni

Shemeji Hatem,
Hamjambo nyote? Sisi salama.
Funguo nimezijaribu, zote zinafungua. Toleo jipya linatoka Jumatatu.

Shemeji yako,
Lotfi