Chandarua Kilichogeuka Shela

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana siku hiyo mama mkwe anakuja kukaa nami mpaka nijifungue. Mimi ni fundi cherehani hapa Nyakabanda, nina mimba ya miezi saba na furaha siwezi kuieleza, ila mvua za mwaka huu zimeleta mbu na malaria imelaza nusu ya mtaa, nami nikajishonea chandarua kwa mabaki ya kitambaa cha shela, sasa shida ni kwamba wa kwanza kuonekana na chandarua mtaani kwetu alikuwa marehemu jirani aliyeugua Sida, yaani Ukimwi, masista walimletea, na tangu hapo ukitundika chandarua watu wanapunguza sauti wakipita dirishani kwako. Nilipokianika, jirani yangu Mukandekezi akauliza ni nini, nikadanganya kuwa ni shela ya mteja wa mtaa wa Muhima, akafurahi, akatangaza, na sasa akina mama wanafanya mazoezi ya nyimbo za harusi na kuniuliza bibi harusi ni nani. Mume wangu Mutabazi akakishusha, akasema, "Mama akiona hii kitu, atasema Sida iko hapa nyumbani." Nikakubali. Haikupita wiki mbili akaanza kutetemeka chini ya mablanketi matatu, dispensari wakakuta malaria, anameza dawa na bado hataki nikitundike. Je, nilale hivyo hivyo mpaka mama mkwe aondoke?

Donatille, Nyakabanda, Kigali, Novemba 1991

Donatille, hongera kwa mimba. Hizo nyimbo zimenichekesha peke yangu ofisini, lakini pia umenikasirisha. Malaria imeshaingia chumbani kwako, na wewe unaomba ruhusa? Mbu haambukizi Sida. Anaambukiza malaria, na kwa mjamzito malaria inaweza kuondoka na mtoto pamoja na mama. Mtaa mzima unaogopa ugonjwa mmoja mpaka unajipeleka kwa mwingine, nawe na akili zako umewafuata.

Mutabazi amalize dawa zote, hata akijisikia mzima. Wewe nenda kliniki kesho asubuhi. Na kama Sida yenyewe inawatia hofu, kapimeni wote wawili, maana majirani hawapimi damu kwa kuchungulia dirishani.

Mukandekezi mwambie ukweli leo, umwombe radhi. Nyimbo zisipotee bure, wamwimbie mama mkwe akifika. Kisha umkabidhi chandarua chake, kipya, mbele yao wote, umwambie kuwa mnamlinda yeye na mjukuu wake. Zawadi iliyotolewa hadharani nani ataiteta?

Chako kitundike leo kabla jua halijazama. Mutabazi akinuna, mwambie anunie humo humo ndani ya chandarua.