Usimfundishe Mpwa Wako Kunyamaza

Mafiga, Morogoro

Mwanangu Severini,

Marahaba. Najua umeniamkia kabla ya kufungua bahasha, na kama bado, amkia sasa ndipo uendelee. Mgongo wako unaendeleaje? Mkeo kikohozi kimemwachia? Mimi mwili mzima, ila roho iko juujuu tangu asubuhi. Simu sikutaka, kwenye simu unanikata maneno. Haya anayaandika jirani yetu Mama Rehema, fundi cherehani, kama ninavyoyasema, na dereva wa lori la kabichi atakuletea huko Mgeta.

Ni habari ya mpwa wako Oliva na hiyo kazi yake ya kuandika programu za kompyuta.

Unajua hajamaliza hata mwaka pale ofisini. Wametengeneza programu ya zahanati, inawatumia wajawazito ujumbe wa kuwakumbusha siku ya kliniki. Oliva akapewa sehemu ya kurekebisha, ikamshinda. Badala ya kumuuliza mkubwa wake akaona haya, akaiuliza hiyo wanayoita akili mnemba. Ikamwandikia chapuchapu. Akaichukua nzima nzima akaiweka, hata hajaielewa. Akajaribu kwa simu yake, ujumbe ukafika, akacheka.

Ijumaa akagundua kwamba kina mama walioandikishwa zamani hawapati kitu. Akarudi nyumbani, chakula hagusi.

Nikamuuliza, "Una mimba?"

"Bibi jamani!"

"Basi umeua mtu?"

Ndipo akalia. "Sijui, bibi. Labda."

Akakupigia wewe. Ukamwambia atengeneze kimyakimya, na wakiuliza aseme mashine ilikwama. Wewe ni mjomba wake, Severini. Kwetu Waluguru neno la mjomba linalala juu ya neno la baba. Akakutii. Kutengeneza akatengeneza. Lakini wale ambao siku zao zilishapita, nani atawatafuta, na ofisini hakuna anayejua?

Nikamwita jikoni. Nikamwambia, mimi sijui a wala be, ila nimelima mteremko wa Mgeta tangu sina meno ya mbele. Jembe likichomoa jiwe, unapiga kelele "Jiweee!" kabla hujaangalia limekwenda wapi, maana chini kuna mtu ameinama na mtoto mgongoni. Hakuna anayekugombeza kwa kulichomoa. Aliyenyamaza ndiye asiyekaribishwa tena kulima na wenzake.

"Kazi yako ina watu chini yake," nikamwambia. "Usipojua, uliza, hata kama watakucheka. Ulichopewa na mashine, kisome mpaka uweze kunieleza mimi, ukishindwa, usikiweke. Na ukikosea, uwe wa kwanza kupiga kelele."

"Wakinifukuza, bibi? Wenzangu wanasema hiyo mashine itatumaliza sote, wakubwa wanatafuta sababu tu."

Nilimshika mkono, nikamwambia aende akaseme hata hivyo.

Basi nimelivunja neno lako. Asubuhi hii amekwenda kumwambia mkubwa wake yote. Chai ameiacha mezani. Viatu alifunga, akafungua, akafunga tena. Sasa jua limeshapinda na simu yake haijaita hapa. Mama Rehema ananiambia nikae, nakaa, nasimama. Naogopa kazi itakwenda. Naogopa zaidi kwa yule mwanamke nisiyemjua, mwenye tumbo kubwa, ameweka simu karibu akidhani watamkumbusha.

Sasa nisikilize. Akifukuzwa atapanda kuja kwako, maana hapa ataona aibu na majirani. Usimuulize chochote mlangoni. Usiseme "nilikwambia." Mpokee begi, mpe maji ya kuoga, mpe ugali, halafu mbele ya watoto wako sema kwa sauti kwamba mjomba amefurahi kumwona. Ukitamani kugombeza, panda lori uje unigombeze mimi. Mgongo wangu umezeeka lakini unabeba.

Msalimie mkeo, asiache kunywa tangawizi. Dada yangu mkubwa mpe shikamoo yangu, umwambie ninamwota. Wajukuu wabusu wote, hata yule mtukutu. Oliva mwombee, na wale kina mama pia.

Bado hajapiga.

Mimi mama yako, niliyekuzaa na bado ninakuchapa kwa mdomo,

Bibi yake Oliva