Gaudens Ameanza Kusema Kiswahili

Brooklyn Center, Minnesota
Jumapili, 5 Oktoba 2025

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Leo naahidi kukueleza yote, hata yale ambayo Mama angesema hayafai kuandikwa na mtoto. Nimeandika kwa mkono kama unavyotaka, kisha nitapiga picha kurasa zote na kuzituma kwenye simu yako. Sisi wazima. Mama bado anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na akirudi miguu imemvimba. Baba anaendesha gari la kuwapeleka wagonjwa hospitali. Goti lako je? Unakunywa dawa, au unawahimiza majirani tu wanywe zao?

Bibi, ninaogopa. Ninaogopa kwa ajili ya kaka Gaudens.

Unajua kwamba anacheza mpira wa huku. Sio ule unaoujua wewe. Huu una ncha mbili kama papai dogo, unashikwa mikononi, na aliye nao lazima aangushwe. Wanavaa kofia ngumu zenye vyuma mbele ya uso, halafu wanakimbiliana na kugongana kwa makusudi. Mlio wake unatufikia tulipokaa, kama mtu anayebamiza mlango wa gari. Mama hutazama mechi nzima kupitia vidole vyake.

Mwaka jana walibishana sana kabla ya kumruhusu. Baba alisema, "Alikuwa anajifungia chumbani na simu kama mfungwa. Mtoto amepata rafiki wa kwanza tangu tufike hapa, nimkatalie?" Mama akasema, "Rafiki apate, lakini arudi na kichwa chake." Baba akashinda, na kusema kweli Gaudens alibadilika. Anaamka mwenyewe. Alama zake zimepanda.

Ijumaa walicheza na timu ya Crystal, mji wa jirani. Karibu na mwisho, kijana mmoja mkubwa alimgonga kutoka ubavuni, akaanguka chali na kisogo kikapiga chini. Akainuka, akacheka, kisha akaenda kukaa kwenye benchi la timu nyingine. Watu wakacheka. Baba pia alicheka. Kocha alikuwa anautazama mpira. Mimi sikucheka, kwa sababu Gaudens alikaa pale ametulia, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri basi.

Tangu Jumamosi asubuhi anasema Kiswahili. Unamjua, anasikia kila kitu lakini anajibu kwa Kiingereza. Mama akimwambia alete chumvi, chumvi italetwa na Kiingereza juu yake. Jumamosi aliingia jikoni akasema, "Mama, uji uko wapi?" Mama akaangusha kijiko. Siku nzima ikawa hivyo. Mama akampigia Mama Fadhila wa Crystal kumsimulia, akapika ndizi na nyama. Leo baada ya misa Gaudens aliwaamkia wazee mmoja mmoja, nao wakampigia makofi. Baba akawa anatembea kama mwenye harusi.

Ndani ya gari nilisema Gaudens anaumwa macho, anayakinga jua kwa kiganja, na shati alilivaa nje ndani. Baba akanitazama kwenye kioo. "Vere, tumemlilia huyu miaka mingi aseme Kiswahili. Amekisema, sasa unaniambia ni ugonjwa?" Mama akaongeza, "Una wivu, mama. Ulizoea kusifiwa peke yako."

Labda ni wivu kweli. Ninajichunguza. Lakini Jumanne ana mazoezi ya kugongana, na mimi silali vizuri.

Sasa hivi yuko chumbani anaongea na wewe kwa simu. Namsikia kupitia ukuta, ila sishiki maneno. Je, amekuambia kama kichwa kinamuuma?

Mjukuu wako,
Verediana

—

Kashai, Bukoba
Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Mke mwenzangu Vere,

Marahaba. Goti lipo, dawa nakunywa, na ushauri kwa majirani natoa bure. Mvua zimeanza vizuri. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mwandiko umenyooka, na nimeona neno "ninaogopa" limerudi mara nyingi kuliko koma.

Tulia, mjukuu wangu. Ungejua nilivyofurahi jana! Siku zote mume wangu Gaudens hunipa maneno matatu, kisha anamtupia mama yako simu. Jana tumezungumza mpaka sikio likapata moto. Kichwa hakukitaja. Alianza kwa kuniuliza kama babu yako amerudi na baiskeli kutoka kwenye ghala la kahawa. Hapo nilistaajabu, maana babu yako tumemzika miaka minne iliyopita na Gaudens mwenyewe alilia. Nikadhani ni hamu tu, mtoto amekumbuka nyumbani. Nikamjibu, "Amerudi."

Kisha akanichekesha. Akaniuliza kama wewe umeshaanza kutembea! Nikamjibu, "Bado, anatambaa." Akasema, "Basi mwambie asitafune kandambili zangu." Vere, nilicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Utani ule ni wa babu yako mtupu. Nilidhani amezikwa nao.

Kuhusu huo mchezo, siujui na siutetei. Lakini baba yako alivunjika mkono akicheza mpira wa matambara, akiwa mdogo kuliko Gaudens. Babu yako akataka asirudi tena uwanjani. Mimi nikasema mtoto hafungiwi kabatini kama sahani za wageni. Mkono ukapona, akarudi. Mwache kaka yako acheze, nawe ulale.

Wasalimie wote.

Bibi yako wa Kashai

—

Shuleni
Jumanne, 7 Oktoba, wakati wa chakula cha mchana

Bibi,

Shikamoo. Nisamehe, leo sina nafasi ya kuuliza afya.

Gaudens hakuwa anatania. Barua yako niliisoma asubuhi mezani. Yeye alikuwa mbele yangu anakunywa chai. Nikamuuliza polepole, kama mchezo, "Vere ana miaka mingapi?" Akanitazama kwa adabu, kama unavyomtazama mgeni wa mama yako. Akasema, "Bado mdogo sana, dada."

Dada, Bibi. Aliniita dada, kama mtu asiyenijua.

Kisha basi lake likapiga honi na akatoka, miguu inaijua njia yenyewe. Mama amerudi kutoka zamu asubuhi, amelala na simu ameizima. Baba akiwa barabarani hapokei simu yangu, lakini yako huwa anaegesha gari pembeni na kuipokea. Shule ya Gaudens si hii yangu. Nimemwambia mwalimu wangu, naye anajaribu kuwapigia, anaambiwa asubiri. Katika somo la afya tulifundishwa kwamba ubongo uliotikiswa ukitikiswa tena kabla haujapona, mtu anaweza asiamke.

Mazoezi ni leo baada ya masomo. Mpigie Baba, umsomee uliyoniandikia na haya niliyokuandikia. Sasa hivi, Bibi, tafadhali.

Vere

—

Kashai, Bukoba
Alhamisi, 9 Oktoba 2025

Vere, mjukuu wangu,

Leo sikuiti mke mwenza. Utani umenitoka.

Nilimpigia baba yako Jumanne ile ile. Akaegesha gari kama ulivyosema. Nilipomweleza habari ya babu yako na baiskeli, akacheka. "Mama, watoto wa siku hizi wana mizaha." Nikamsomea habari ya kandambili, akacheka, ila kidogo. Nikamsomea barua yako. Nilipofika mwisho hakucheka tena. Halafu akauliza, "Mama, alimwita nani dada?" Nikasikia gari linaondoka kwa kasi, na simu ikakatika.

Tangu saa ile sina habari. Simu ya baba yako inaita tu. Ya mama yako haipatikani. Mama Fadhila wa Crystal ameniambia mko hospitali na zaidi ya hapo hajui. Nimekaa na simu mapajani kama kuku anayeatamia. Padre alipita, nikamwomba asali upesi aondoke, isije simu ikapigwa nikawa naongea na yeye.

Nimefundisha watoto maisha yangu yote. Mtoto akiniuliza jambo lisilo la kawaida, mimi ndiye ninayemuuliza la pili. Siku ile sikuuliza. Nilikuwa nafurahia sauti yake.

Niandikie hata mstari mmoja. Hata wenye makosa.

Bibi

—

Brooklyn Center, Minnesota
Jumapili, 26 Oktoba 2025

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Kweli unapata usingizi sasa? Najua Baba alikupigia kutoka hospitali na kukuambia Gaudens yuko hai, na najua hakuweza kusema zaidi kwa sababu ya kilio. Sikuandika mapema kwa kuwa kila siku nilingoja niwe na neno jema la kuanzia. Sasa ninalo, nitalifikia.

Baba alimkuta uwanjani amekwisha vaa kofia, yuko kwenye mstari, ameinama tayari kukimbia. Baba aliingia katikati yao na sare yake ya kazini, akapaza sauti, "Gaudens, simama!" Wengine walisimama kwa sababu hawakuelewa kinachosemwa, na Gaudens kwa sababu alielewa. Baba akamvua kofia kwa mikono yake. Gaudens akamwambia, "Shikamoo." Kocha alikuja amekasirika, lakini alipomtazama Gaudens machoni aliita gari la wagonjwa yeye mwenyewe. Baadaye alikuja hospitali, akakaa kwenye korido na kofia yake mkononi mpaka Mama akamwambia aende nyumbani kwa watoto wake.

Daktari alisema ubongo ulitikiswa vibaya, ila hakuna damu iliyovuja. Baba akamuuliza ingekuwaje kama angegongwa tena siku ile. Daktari akajibu, "Hakugongwa." Akarudia hivyo hivyo, "Hakugongwa."

Nyumbani tulitundika mablanketi madirishani. Gaudens alitapika, alilia akiona mwanga wa friji, alilala mpaka nikawa naingia kusikiliza kama anapumua. Mama aliacha zamu zake. Kila asubuhi alimuuliza jina lake, na mwaka, na mimi ni nani. Jina alilijua. Mwaka ulikuja baadaye. Mimi nilichelewa kidogo.

Jumatatu iliyopita niliingia chumbani kwake kimya kimya kuchukua viatu vyake vya mpira, vile vya njumu. Sikutumwa na mtu. Sikutaka tu aamke navyo karibu. Nilipoviinua akafungua jicho moja, akaniambia kwa Kiingereza nitoke chumbani kwake, nifunge mlango na niache viatu vyake. Aliongeza na neno ambalo hujanifundisha na sitaliandika. Mama alisikia kutoka jikoni. Akakaa sakafuni pale pale akalia. Baba akasema, "Asante Mungu, anatukana."

Hilo ndilo neno jema, Bibi.

Yaliyobaki ni magumu kidogo. Gaudens hakumbuki kitu cha siku zile tangu Ijumaa ile. Hakumbuki makofi kanisani wala kukupigia simu. Anasema tunatia chumvi. Mwaka huu hatacheza tena, hilo halina ubishi, lakini daktari amesema akipona kabisa na kupimwa, kurudi ni uamuzi wa familia. Yeye anahesabu kurudi Agosti. Mama anasema acheze ule mwingine, wa vitambaa kiunoni, ambao badala ya kumwangusha mtu unamnyofoa kitambaa. Gaudens akasema huo ni wa watoto wadogo. Mimi huucheza shuleni na si mtoto mdogo.

Baba hajasema ndiyo wala hapana. Usiku ule wa hospitali aliapa kwamba hataiona tena kofia ile. Juzi wenzake Gaudens wa timu walikuja kumsalimu, wakajaa sebuleni na viatu vyao vikubwa vikajaa mlangoni, na Gaudens akacheka kicheko chake kamili. Walipoondoka Baba alibaki mlangoni akitazama pale palipokuwa na viatu. Nilipomuuliza atafanyaje, akasema, akimaanisha wewe, "Mama ndiye aliyepiga simu. Atakavyosema Mama, ndivyo itakavyokuwa."

Nimefikiri sana juu ya sahani zako za wageni. Sitaki Gaudens afungiwe kabatini. Siku moja mwezi Septemba alishika mpira akakimbia uwanja wote bila kuguswa na mtu, nami nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Sijapata kumwona kaka yangu mzuri vile. Lakini jana mezani aliniambia, "Vere, chumvi," kwa Kiswahili, na sote watatu tukaacha kula. Mama akamshika kichwa, akamuuliza ni mwaka gani. Gaudens akataja mwaka, akataja na tarehe, akacheka, yaliyobaki akayasema kwa Kiingereza. Ndipo tukaendelea kula. Zamani Mama aliliombea neno moja kama lile.

Viatu vyake viko chini ya kitanda changu tangu Jumatatu. Baba anajua, maana aliviona alipokuwa anatafuta chaja. Mama anajua, maana ndiye anayefagia. Gaudens ameniuliza mara mbili mbele yao viko wapi, nao wote wawili wakaangalia sahani zao. Hakuna aliyeniambia nivirudishe, na hakuna aliyeniambia nivitupe.

Ninangoja nikiwa na simu mkononi. Bibi, nimrudishie?

Mjukuu wako anayetembea,
Vere