Jasho la Dada Koku

Dar es Salaam, 6 Agosti 1989
Mwaka wa tano tangu nipande meli pale Bukoba

Kaka Projesti,

Shikamoo. Hiyo ni ya umri wako tu, ipokee hivyo hivyo. Mama hajambo? Mgongo wake je? Mimi mzima, bado nabeba magunia bandarini, na bega la kulia limeanza kunigomea.

Juzi Anselmi, utingo wa lori kutoka Kashai, alinikuta kazini. Akaninong'oneza kama aliyeleta msiba: "Pole, ndugu yangu. Dada yako ana Juliana. Kaka yako anasema usiku shuka linalowa jasho." Siku hizi UKIMWI mnauita hivyo, nasikia. Akaniambia umemhamishia Koku jikoni, umemtengea sahani, na kahawa ya kutafuna ikizungushwa kwa wageni kikapu kinamruka. Na vidonge vyake umemnyang'anya, eti ndivyo vilivyomletea ugonjwa.

Umekuwa daktari lini? Nilikuacha ukipima kahawa kwenye mizani ya chama cha ushirika.

Nilikwenda hospitali ya huku alikokatwa titi lenye saratani mwaka jana, nikamwuliza yule mama daktari aliyemtibu.

"Jasho ni la vidonge," alisema. "Wengi huwatoa jasho. Nani kamwachisha?"

"Kaka yangu."

"Amesomea wapi?"

"Anapima kahawa."

Hakucheka. Akanieleza upya, na mimi wa darasa la nne nikaelewa, kwa hiyo jitahidi. Kile kipande cha uvimbe kilichopelekwa nje kupimwa kilikutwa na protini inayodaka homoni ya kike. Uvimbe wa namna hiyo hukua kwa homoni hiyo. Kidonge hukaa pale pale pa kudakia, homoni ikakosa pa kushika. Usio na protini hiyo, kidonge hakiufanyi kitu. Wa Koku unayo. Daktari hakuahidi kwamba atapona. Alisema ana nafasi kuliko wengi, akimeza kila siku. Nafasi hiyo ndiyo uliyoificha wewe.

Mumewe alifia vitani Uganda na hajaolewa tena, unajua vizuri. Lakini hapo Izigo mtu akikonda kidogo mnamzika kwa mdomo, halafu mnatazama kibanja chake. Anselmi anasema umeshaanza kupogoa migomba yake. Kwa kazi zako mwenyewe hukuwahi kuwa mwepesi hivyo.

Vidonge vingine anavyo Anselmi. Nimemwambia ampe Koku mkononi. Wewe mtazame akimeza, unyamaze. Na arudi kulala nyumba kubwa.

Msalimie Mama. Msalimie shemeji, mkeo, anayemchotea Koku maji ukishaondoka kwenda kwenye mizani. Huyo salamu zake zirudie. Shangazi wa Ijuganyondo mwambie sijamsahau.

Nakuja Desemba, senene wa kukaanga wakiwa bado wapo. Nikiketi, kikapu cha kahawa kianze kwa Koku, na mimi nichukue yangu katika kiganja chake. Wewe kitakufikia mwisho.

Mdogo wako,
Deo