Pikapu Isiyo na Mngurumo

Mama,

Chai iko kwenye chupa, mahamri yako chini ya kawa. Nimepeleka masufuria ya harusi Muthangari kwa ile pikapu ndogo ya umeme, ile muuzaji Mihir aliyotuazima tuijaribu. ~~Nitarudi saa saba.~~ Saa nane, naendesha polepole. Nikirudi nitaichaji, na tafadhali usizime swichi ya ukutani kama jana, ukidhani nimesahau pasi! Imeamka na chaji nusu. Bahati nzuri nusu yatosha kwenda na kurudi.

Kaka Zaki amenicheka mbele ya majirani asubuhi. "Rumaisa, hiyo ni friji yenye magurudumu! Haina redio, na vioo unazungusha kwa mkono!" Imeniuma, unanijua. Amesahau pikapu yetu ya dizeli ilivyonizimikia Ngong Road, watu wakanipigia honi mpaka nikalia. Hii haina klachi, haizimiki, na ikipita hakuna anayegeuka kunitazama. Masufuria yote kumi na mawili yameingia. Na bei yake tunaiweza bila kukopa, ulisema mwenyewe.

Zaki alitaka irudishwe leo, na Mihir ana mnunuzi mwingine. Basi nimempigia simu Mihir, mimi ambaye simu ikilia nakukabidhi wewe. Nimemwambia, "Usimuuzie mtu, tunaichukua sisi." Amenisikia.

Kaka akiuliza nani ameamua, mwambie ni mimi.

Kitinda mimba wako,
Rumaisa