Chai ya Sukari Kilomita ya Kumi na Nne

Jumapili, saa kumi na mbili jioni. Voi imekauka. Upepo unarusha vumbi jekundu hadi ndani, nimefunga madirisha na joto limebaki nami humu chumbani. Magoti yangu yote mawili yana bandeji. Nimerudi sasa hivi kutoka Werugha, kule milimani.

Nina jambo la kukiri, na nikilala nalo leo najua sitaliandika tena.

Tangu nifanyiwe oparesheni ya kupunguza tumbo, miaka miwili sasa, nimekuwa nikieleza hapa kwenye ukurasa huu jinsi ninavyokula. Yai moja asubuhi, na linanishibisha. Nyama au maharagwe kwanza, mboga baadaye, ugali wa kuonja tu. Chakula na maji havikutani: nikimaliza kula nasubiri nusu saa, halafu nakunywa mafunda madogo. Hayo yote ni kweli, na wengi mmeniandikia kwamba yamewasaidia.

Halafu nikaanza kukimbia, nikaeleza pia ninavyokunywa njiani. Nusu ndizi kabla ya kutoka. Chupa mbili ndogo kiunoni, maji yenye sukari kidogo na chumvi kidogo, funda moja kila baada ya dakika kumi. Ndivyo alivyonielekeza daktari wangu wa lishe. Alisema tumbo kama langu haliwezi kubeba akiba ya safari ndefu, kwa hiyo lazima nililishe kidogo kidogo nikiwa bado natembeza miguu. Nikinywa kitu kitamu kwa pupa nitatokwa jasho na moyo utanienda mbio. Nisiponywa kabisa nitaanguka.

Sijawahi kutia sukari kwenye zile chupa. Hata siku moja.

Nilimdanganya daktari, nikawadanganya na ninyi.

Jana alfajiri jirani alinishusha upande huu wa Mwatate, nikaanza kukimbia kurudi Voi. Nilikuwa nataka kumaliza kilomita ishirini na moja kwa mara ya kwanza. Ndizi sikula. Mashamba ya mkonge yalikuwa bado na ubaridi, mwili ukawa mwepesi, nikajisifu moyoni. Kilomita ya kumi jua likawa juu yangu. Nilipiga mafunda mawili ya maji matupu, tumbo likakaza, nikayatapika kando ya lami. Sikujaribu tena.

Kilomita ya kumi na nne nikaona barabara inainama. Hicho ndicho kitu cha mwisho ninachokumbuka.

Nilipofumbua macho nilikuwa chini ya kibanda cha mama mmoja anayeuza matikiti maji. Alikuwa ameninyanyua kichwa, amenifunika leso yake, na magoti yangu yalikuwa yanavuja damu. Alimimina chai ya rangi kutoka kwenye chupa yake akanisogezea kikombe. Nilisikia harufu ya sukari kabla hakijafika mdomoni. Nikafumba midomo kama mtoto anayekataa dawa.

Alijaribu mara ya pili, halafu akaniuliza kwa upole, "Nani amekukataza, mwanangu?"

Niligeuza uso pembeni. Lakini namjua.

Kaka yangu Mwakio alikuwa fundi seremala hapa Voi, mtu mkubwa, kama sisi sote kwetu. Sukari ilimshika mapema, ikamla figo. Siku yake ya mwisho hospitalini zamu ya kumlisha ilikuwa yangu. Nilimpelekea uji usiotiwa kitu, kama tulivyoagizwa. Alionja akauacha. Akasema, "Mghoi, nitilie sukari. Kijiko kimoja tu." Nilimwambia hapana. Nilimwambia kwa ukali, kama mwalimu, kwamba sukari ndiyo iliyomfikisha pale. Akageukia ukutani. Asubuhi alikuwa ameshaondoka.

Mwaka uliofuata nilikwenda kufanyiwa oparesheni. Watu walisema nina ujasiri. Ilikuwa hofu.

Na sasa kila nikikimbia mbali, mwili ukianza kuomba kitu kitamu, namsikia anaomba na yeye. Sauti yake ile ile, ya chini, ya mtu aliyechoka. Si mzuka, na sitaki mtu aje kuniombea. Ni kwamba siwezi kujipa nilichomnyima.

Jana nilikunywa. Yule mama alinishikia kikombe, nikameza kidogo, nikangoja, nikameza tena, labda nusu saa nzima. Macho yalipopata nuru nililia, naye akadhani ni magoti. Alisimamisha gari la watu anaowafahamu, wakanifikisha nyumbani.

Leo baada ya ibada nikapanda Werugha kwa wifi yangu, Mama Mshai, mjane wa Mwakio. Huko kulikuwa na ukungu, nikajifunga sweta. Alikuwa jikoni anamenya muhogo wa kimanga. Nilikaa kwenye kigoda nikamweleza yote: kuanguka, chai, uji, yale maneno makali. Nilikuwa sijawahi kumwambia. Hakuacha kumenya.

Nilipomaliza alitumbukiza kipande sufuriani, akasema, "Wewe ulimnyima siku moja, wifi. Mimi nilimnyima mwezi mzima. Nilikuwa naificha sukari ndani ya sanduku la nguo, naye anaitafuta nyumba nzima."

Nikamuuliza kama na yeye humsikia.

"Namsikia akifungua kabati."

Hakuniambia nisijilaumu, na sikumwambia yeye. Muhogo na maharagwe vilipoiva aliviponda pamoja vikawa kimanga, akanipimia vijiko vitatu kwenye kisahani bila kuuliza, kwa sababu anajua kiasi changu. Nilikula polepole. Alikuwa ananitazama kila ninapomeza.

Nilipoinuka kuondoka alinifunga kamba za viatu, maana magoti hayakunjiki. Akiwa bado ameinama pale chini akasema, "Ukikimbia tena, unywe. Mshai hana shangazi mwingine."

Kesho asubuhi nitampigia daktari wa lishe nimwambie ukweli, kwamba shida haikuwa tumbo. Na ninyi mnaofuata maelezo yangu, fuateni yale aliyonipa yeye, msifuate nilivyofanya mimi. Magoti yakipona nitaanza upya na kilomita tano, na nitabeba kinachotakiwa.

Ninachoogopa si kuanguka tena. Naogopa ile dakika ya kwanza njiani, nitakapoonja utamu mdomoni, naye yuko pale pale kando yangu, anaomba kijiko kimoja.

Nitamwambia nini?