Kwa Baba Yetu Humaid bin Muhanna, Mpanga Herufi

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipotutoka hapa Al Khoudh, na mwanao mkubwa, Bakhita, bado kila akirudi nyumbani hutazama kwanza kama geti limefungwa.

Ulikuwa mtu wa chapa. Ujanani, Unguja, ulipanga herufi za madini ya risasi moja moja katika kiwanda cha gazeti, ukachonga na picha za matangazo: sabuni, viatu, mtu anacheka juu ya baiskeli mpya. Hata hapa Maskati, ulipokwisha kustaafu, hukuweza kupita kibao cha duka bila kusema herufi zimebanana. Machungwa uliwamenyea wajukuu kwanza, wewe ukala yaliyobaki. Nansubuga, binti wa Kiganda aliyekutunza, hukumpandishia sauti hata siku moja.

Kisha akili ikaanza kukupotea, ukarudi kule kule kiwandani. Ulimshika Bakhita mkono ukamwambia tangazo la msiba limekosewa. Aliyefia Mombasa ni Aflah bin Sami. Wewe umepanga jina la rafiki yako Aflah bin Said, mzima wa afya, yuko huko huko kikazi. Mama yake, mgonjwa wa moyo, atalisoma asubuhi. Bakhita alikuuliza ikawaje. Ulirudia tu tangu mwanzo.

Siku moja ya mwezi wa sita Nansubuga akampigia Bakhita simu kazini.

"Madam, mzee hayuko. Geti liko wazi."

Jua la mchana ule lilikuwa la kuua. Bakhita alikuulizia msikitini, dukani, kwa madereva wa mabasi ya chuo. Mwanao Badr alizunguka na gari upande wa pili, akawa anapiga simu kila mara kusema bado. Bakhita hakufikiri kingine ila kiu yako, na kwamba hutajua kuomba maji.

Alikukuta kwenye duka wanalochapishia wanafunzi vitabu vyao. Kanzu imelowa jasho, umeukamata mtambo kwa mikono miwili, unawaomba wausimamishe. Walikuletea kiti ukakikataa, na maji pia.

Bakhita akakushika mabega. "Baba, nimetoka kiwandani. Gazeti limezuiwa."

"Umeona kwa macho yako?"

"Nimeona."

Ukakaa. Ukaomba maji.

Tangu siku ile hukuuliza tena. Lakini Bakhita hakupata raha. Alikuthibitishia jambo asilolijua. Huenda gazeti lilitoka, huenda mama wa watu alikufa kwa jina lile, na wewe ulibeba hayo miaka yote bila kumwambia mtu. Ulipofariki wasiwasi wake ukazidi, maana hapakuwa tena na wa kumuuliza.

Siku ya pili ya tanga akaja mzee kutoka Ansab, na bakora mkononi, akaomba kuonana na binti yako. Bakhita akatoka kwa wanawake, akasimama mlangoni.

"Mie Aflah bin Said," akasema. "Ndo mie nlokuwa nife gazetini."

Akamweleza kwamba uligundua kosa ukiwa umeshafika nyumbani, ukarudi mbio, ukauzima mtambo mwenyewe, na msimamizi akakutukana mbele ya watu. Nakala zilizokwisha kuchapwa mlizichoma zote. Mama yake aliishi miaka mingi baadaye, hakujua kitu, mpaka yeye mwenyewe alipomhadithia.

Bakhita alikaa chini pale pale sakafuni, akalia kwa mara ya kwanza tangu tukuzike.

Mola akulaze pema. Tunaokuombea ni wanao Bakhita na Badr, wakwe zako Loay na Khawla, mjukuu wako Balqees na wadogo zake, na Nansubuga, ambaye mpaka leo akikutaja husema "Jjajja", babu yangu.

Hututoki moyoni, Baba, maadamu tunaishi.